Jina la Mbotela: Kutoka Nyasa hadi Mtaa wa Nairobi

Mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi ina majina ambayo, yakisomwa kwa mfululizo, hufanana na kurasa za kitabu cha historia ya ulimwengu zilizochanwa na kutawanywa. Kariokor ni ukumbusho wa kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza. Burma, jina la soko lililoko upande wa Shauri Moyo, ni nchi ya Asia ambako askari wa Afrika Mashariki walipigana na Wajapani katika vita vya pili. Jericho na Jerusalem ni miji ya Biblia. Katikati ya majina hayo, kusini ya Barabara ya Jogoo na jirani na Makongeni, umo mtaa uitwao Mbotela. Wakazi wake wengi hulitamka jina hilo kila siku kituoni wanapopanda gari, wala hawaoni haja ya kuuliza lilikotoka. Na si ajabu, maana ni nani aulizaye jina la mlango wa nyumba yake?

Makala haya yanakusudia kuuliza. Jina la Mbotela si la lugha yoyote ya Nairobi, wala si la Kiswahili cha pwani. Ni jina la Kiyao, lililoletwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa na mtu aliyekamatwa akauzwa. Kulifuata jina hili ni kufuata namna ambavyo nafsi ya mtu mmoja na ukoo wake ilivyotengenezwa na mambo yaliyoamuliwa mbali naye: katika masoko ya pembe na karafuu, katika meza za mikataba, katika ofisi za wamisheni na za mipango miji. Lakini haitoshi kusema kwamba ulimwengu humtengeneza mtu. Mtu naye hujibu. Jambo ninalotaka kulionyesha ni kwamba ukoo huu ulipewa na ulimwengu kila daraja isipokuwa moja tu, nayo ni kuwa na kwao. Na kwamba kukosa huko ndiko kulikowafanya watu wake kuwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo, na ndiko pia kulikomwacha mmoja wao bila mahali pa kusimama mwaka 1952.

Tuanze na mwandishi. James Juma Mbotela, aliyekuwa mwana wa mtumwa aliyeachwa huru, alitoa kitabu chake Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kikachapishwa London na Sheldon Press. Jina lake lenyewe ni safari. James ni jina la ubatizo, lililopitia Uingereza. Juma ni jina la Waislamu wa pwani, lenye asili ya Kiarabu. Mbotela ndilo lililobaki la bara, la Kiyao. Majina hayo matatu hayakuchaguliwa kwa pamoja na mtu aliyeketi akayapima. Kila moja liliwekwa na mamlaka iliyokuwa ikitawala wakati wake, nalo halikuweza kulifuta lililotangulia.

Wayao wa karne ya kumi na tisa hawakuwa watu waliojificha mbali na dunia. Walikuwa wafanyabiashara mashuhuri wa masafa marefu, wakipeleka pembe na watu hadi Kilwa na pwani ya Msumbiji, na wengi wao walikuwa wakamataji kabla ya wengine kukamatwa. Pembe zilizotoka huko zilikatwa vitufe vya piano katika viwanda vya Connecticut. Nguo iliyolipwa kwa pembe hizo iliitwa merikani, kwa kuwa ilifumwa Marekani na kuletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem. Watu waliouzwa waliishia wengi katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, wengine katika mashamba ya nafaka ya mwambao wa Malindi, na wengine walivushwa bahari. Kwa hiyo, mtoto wa Kiyao aliyefungwa kamba mwaka wowote wa miaka ile alikuwa amekwisha kuingia katika uchumi wa dunia kabla hajaiona bahari.

Alipofika pwani alikuta ngazi ya majina imekwisha kuwekwa tayari. Aliyetoka bara aliitwa mshenzi au mateka. Aliyezaliwa utumwani aliitwa mzalia. Aliyeachwa huru aliitwa mahuru au huru wa fulani. Na juu ya wote alikaa mwungwana, ambaye hakuwahi kuwa mali ya mtu. Inafaa tukumbuke kwamba neno uungwana katika Kiswahili halikuwa kwanza na maana ya adabu njema. Lilikuwa na maana ya hali ya kisheria na ya nasaba. Adabu ilikuwa alama yake tu: mwungwana alijulikana kwa nguo, kwa mazungumzo, kwa kujua dini na kujua kula na watu. Ndiyo maana mtumwa aliyetaka kupanda ngazi alijifunza adabu kwanza. Ngazi ile ilikuwa ya dhuluma, lakini ilikuwa na vidato, na mtu aliweza kuona kidato kilicho juu yake.

Mkataba ambao Seyyid Barghash alilazimishwa kuutia sahihi tarehe 5 Juni 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Manowari za Waingereza zikazidi kukamata majahazi, na likazuka swali ambalo halikufikiriwa sana na waliolileta: waliookolewa wapelekwe wapi? Hawakuweza kurudishwa makwao, kwa kuwa njia za kwao ndizo njia za misafara. Chama cha wamisheni wa Kianglikana, CMS, kilinunua ardhi huko Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kijiji kilichoanzishwa huko chini ya W. S. Price kati ya 1874 na 1875 kikapewa jina la Sir Bartle Frere, yule aliyetumwa Unguja kumshurutisha Barghash. Ndipo Freretown ilipozaliwa. Kengele yake ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni linalotumika hata leo.

Watu wa Freretown walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wengi waliotoka makabila ambayo baadhi yao hawakuwahi kusikiana. Kabla yao, na pamoja nao, walikuwako wale walioitwa Waafrika wa Bombay, yaani waliookolewa baharini siku za nyuma wakapelekwa India, wakasomeshwa Nasik, wakafundishwa ufundi na Kiingereza, kisha wakarudishwa Afrika Mashariki kuwa walimu na mafundi. Mmoja wa wanafunzi wa Nasik, Jacob Wainwright, alikuwa Myao naye. Huyu ndiye aliyekuwa miongoni mwa waliosafirisha maiti ya Livingstone kutoka bara, akaifuata hadi London, na tarehe 18 Aprili 1874 akawa kati ya walioshika jeneza katika mazishi ya Westminster Abbey. Tuzingatie umbali aliokwenda: kutoka utumwani hadi kanisa walimozikwa wafalme wa Uingereza, na yote hayo kabla hajawa mtu mzima sana. Hata hivyo hakuna aliyemwuliza kwao ni wapi kwa nia ya kumrudisha.

Wasomaji wengine watasema kwamba Freretown ilikuwa shamba jingine lenye bwana mwingine. Hoja hiyo ina ukweli wake. Nidhamu ya kijiji ilikuwa kali, na Waafrika wa Bombay walilalamika zaidi ya mara moja juu ya mishahara yao na dharau ya wamisheni weupe waliojua lugha na nchi kuliko wao kwa maneno tu. Lakini malalamiko hayo yenyewe yana ushahidi ndani yake. Mtumwa hutoroka, mtu anayedai nyongeza ya mshahara na kutaka aitwe kwa heshima amekwisha kujiona kuwa na dhima mpya na haki inayoambatana nayo. Walikuwa walimu, makarani, mafundi, makatekista, na baadaye makasisi. Chuo cha dini kilichofunguliwa Freretown mwaka 1888 kilihamishiwa Limuru mwaka 1930, na baada ya mabadiliko mengi kikawa Chuo Kikuu cha St. Paul's. Kwa hiyo watu wasio na kwao ndio waliopeleka kalamu kwa watu wenye kwao.

Uhuru wa Watumwa kilitoka katika mazingira haya. Kitabu kinasimulia kukamatwa kwa watu wa Nyasa, safari ya mateso hadi pwani, jahazi, manowari iliyowaokoa, na maisha ya Freretown. Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, hasa tangu miaka ya 1970, hawakukipenda. Walikiona kuwa shukrani ndefu kwa Mwingereza: utumwa wapewa sura ya Mwarabu, ukombozi wapewa sura ya Ulaya, na Mwafrika amebaki kupokea tu. Sina sababu ya kuwapinga katika hilo. Mtu anayekisoma leo ataona haya mahali fulani. Hata hivyo nadhani wamekisoma kama kitabu cha siasa tu, wakaacha kukisoma kama hati ya mtu anayejitafutia nasaba. Mwungwana wa Mombasa alikuwa na shajara ya mababu. Mkikuyu alikuwa na mbari na ardhi yake. Mbotela hakuwa na kimojawapo, basi akaandika kitabu kiwe mahali pa shajara. Manowari ndani yake imekaa katika nafasi ambayo kwa wengine ingekaliwa na babu wa kwanza. Na alikiandika kwa Kiswahili, miaka minne tu baada ya kuundwa ile Kamati ya Lugha iliyopewa kazi ya kusanifisha lugha kwa nchi zote nne za Afrika Mashariki. Lugha isiyo ya kabila lake, kwa sababu hakuwa na kabila la kumsomea, ikawa kwake lugha ya watu wote.

Mwaka huohuo wa 1934 ilitoka hati nyingine, yenye nguvu kuliko kitabu chochote cha hadithi. Ni ripoti ya Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Sir Morris Carter. Tume hii ilithibitisha mipaka ya Nyanda za Juu za Wazungu na ikagawa Waafrika kwa maeneo ya makabila. Kwa mantiki ya ripoti hiyo, kila Mwafrika alikuwa na kabila, kila kabila lilikuwa na eneo lake, na mji ulikuwa mahali pa kupita tu. Mwanamume alitoka kwao akaja kufanya kazi, kisha akarudi. Tangu 1920 alikuwa amekwisha kuvalishwa kipande, hati yenye jina lake, kabila lake, mwajiri wake na alama za vidole vyake, aliyoitundika shingoni katika kijisanduku cha bati. Hata alama hizo za vidole zilikuwa mgeni: utaratibu wa kuzitumia katika utawala ulikuzwa Bengal, India, na watumishi wa dola ileile ya Kiingereza, kabla ya kuenezwa kwingineko. Mtu alitambulishwa kwa ngozi ya kidole chake na kwa eneo lake. Sasa aliyezaliwa Freretown arudi wapi? Ngazi ya uungwana, pamoja na dhuluma yake yote, ilikuwa na kidato kwa ajili ya mtu aliyeachwa huru. Orodha ya makabila haikuwa na mstari kwa ajili yake.

Watu wa namna hii walipata nafasi yao mjini. Katika Nairobi ya miaka ya 1940 walijulikana kwa Kiingereza chao, Kiswahili chao na uzoefu wao wa ofisi. Tom Mbotela, wa ukoo huuhuu, alikuwa miongoni mwao. Alikuwa mjumbe katika Baraza la Jiji la Nairobi, na Makamu wa Rais wa Kenya African Union, chama kilichotaka kuwa cha Waafrika wote. Tukiangalia kwa makini, ni rahisi kuona kwa nini chama hicho kilimfaa naye akakifaa. Hakuna mtu aliyeweza kumtuhumu kwamba anapigania eneo la kabila lake. Alipotamka neno Waafrika, neno hilo lilikuwa maelezo halisi ya yeye ni nani. Halikuwa jumla ya makabila yaliyoongezwa moja juu ya jingine.

Lakini historia ilikuwa ikienda upande mwingine. Katika nchi ya Wakikuyu na katika makazi ya maskwota wa Bonde la Ufa, swali lilikuwa moja: ardhi. Waliofukuzwa mashambani baada ya vita walimiminika Pumwani, Shauri Moyo na Bahati. Viapo vikaenea. Ndani ya tawi la Nairobi la KAU uongozi ukashikwa na watu wa vyama vya wafanyakazi, akina Fred Kubai na Bildad Kaggia, walioona kwamba maombi na hotuba vimekwisha muda wake. Tom Mbotela alisimama upande wa maombi na hotuba. Alilaani Mau Mau hadharani. Serikali ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952 na Kenyatta akakamatwa pamoja na wenziwe. Na mnamo Novemba mwaka huohuo Tom Mbotela aliuawa usiku, karibu na soko la Burma.

Wako waliomwita msaliti, na wako waliomwita shahidi wa amani. Majina yote mawili yalitoka kwa watu waliokuwa na haja ya kuyatumia. Kwangu mimi, lililo muhimu ni kwamba pande mbili zilizopigana zilikuwa zimekubaliana katika jambo moja: kwamba Mwafrika ni mtu wa ardhi fulani. Mlowezi alikubali hivyo ili amnyang'anye. Mpiganaji alikubali hivyo ili amrudishie. Kiapo kilishikwa kwa udongo. Mbotela hakuwa na udongo wa kushika. Siasa aliyoijua ni ile iliyomtoa babu zake utumwani, yaani siasa ya maandishi, mikataba, kamati na kuaminiwa na wakubwa. Uzoefu wa ukoo wake ulimfundisha kwamba dola ya Kiingereza huweza kufungua pingu. Uzoefu wa maskwota ulikuwa umewafundisha kinyume, nao hawakukosea. Kila upande ulisema kweli kuhusu maisha yake wenyewe; ila kweli ya Mbotela ilikuwa ya watu wachache mno, na ilikuwa imepitwa na miaka themanini.

Mwaka uliofuata, 1953, mjumbe mwingine wa Baraza la Jiji, Ambrose Ofafa, aliuawa. Baraza lilipojenga mitaa mipya ya Waafrika katika miaka ya 1950 likawapa majina ya wajumbe hao wawili: Mbotela na Ofafa. Haukuwa uamuzi usio na siasa. Aprili 1954 jeshi liliuzingira mji mzima katika msako ulioitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru wakachujwa kwa maelfu, wengi wakapelekwa kizuizini, huku watu waliofunikwa magunia wakitikisa kichwa au kutotikisa. Nyumba mpya ziliandaliwa kwa Mwafrika wa aina mpya. Mwaka huohuo kamati ya F. W. Carpenter ilipendekeza ujira wa kutosha mtu na mkewe na watoto, badala ya ujira wa mseja aliyetarajiwa kurudi kwao. Ramani ya mitaa nayo ilikuwa na ukoo wake. Mpango Mkuu wa Nairobi wa 1948 uliandikwa na wataalamu waliotoka Afrika Kusini wakiongozwa na L. W. Thornton White, profesa wa Cape Town, nao ulishika nadharia ya mtaa kamili wenye shule na uwanja wake, nadharia iliyotungwa New York na Clarence Perry mwishoni mwa miaka ya 1920. Basi fundi wa reli au karani aliyekabidhiwa ufunguo wa chumba chake alikuwa akikabidhiwa pia dhima aliyotungiwa na watu asiowajua: baba wa familia, mfanyakazi aliyetulia, raia wa mji asiyesumbua. Jina juu ya mtaa lilikuwa sehemu ya mafundisho hayo.

Mafundisho hayakushika. Waliohamia Mbotela walileta huko kila kitu ambacho mpango ulitaka kukiacha nje: jamaa wa kulala sakafuni, michango ya kusafirisha maiti hadi nyumbani, vyama vya watu wa kijiji kimoja, na siasa. Mtu alizaliwa Mbotela, akasomea hapo, akaoa hapo; lakini akiulizwa kwao alitaja Siaya, Machakos au Murang'a, na akifa alisafirishwa kwenda kuzikwa huko. Ajabu ya jambo hili haijatajwa vya kutosha. Katika mtaa uliopewa jina la mtu asiye na kwao, kila mmoja amejitahidi kubaki na kwao kwingine. Watoto wa mitaa hii, hata hivyo, walianza kuzungumza Kiswahili chao wenyewe, kilichochanganyika na Kiingereza na lugha za wazazi wao, ambacho wakubwa walikidharau na ambacho leo chasikika kila pembe ya Kenya. Nao walikifanya kwa sababu ileile iliyomfanya James Mbotela aandike kwa Kiswahili: walikuwa pamoja na watu ambao lugha za mama zao hawakuzijua.

Jina lenyewe halikubaki ukutani tu. Kwa zaidi ya nusu karne Wakenya walilijua kwa sauti kuliko kwa mahali. Leonard Mambo Mbotela, wa ukoo wa Freretown, aliyezaliwa mwaka 1940, aliingia Sauti ya Kenya mwaka 1964, na tangu 1966 aliendesha kipindi kilichoitwa Je, Huu ni Ungwana? Ndani yake alieleza mambo madogo ya kila siku, kama vile mtu anayesukuma wenzake katika foleni, mgeni asiyejua wakati wa kuondoka, mpangaji afunguaye redio usiku wa manane, kisha akauliza swali lake. Ni sauti hiyohiyo ambayo askari wa anga walioasi tarehe 1 Agosti 1982 waliifuata, wakamlazimisha kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Nao walijua kwamba habari isomwayo na Mbotela itasadikiwa Mombasa na Kisumu kwa pamoja. Alifariki tarehe 7 Februari 2025.

Neno ungwana lilikuwa limekwisha kuvuliwa nasaba yake hata msikilizaji wa kawaida asiikumbuke. Katika pwani ya mwaka 1870 mtu wa ukoo huu asingaliruhusiwa kumwuliza mtu yeyote swali lile, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye aliyeulizwa. Katika nyumba za Mbotela, miaka ya 1970, redio ilikaa juu ya kabati, mlango uliachwa wazi kwa ajili ya joto, na jirani alisikiliza kutoka nje bila kukaribishwa, huku mzao wa watumwa akiwauliza wote wawili kama huo ni ungwana.